Kila Karatasi Ina Mifupa

Sisi vijana tunaoota kuandika riwaya tuna dharau fulani kwa maandishi ya kawaida. Tangazo la serikali ya mtaa, habari ya gazetini, kitabu cha jiografia, kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi la dawa, mkataba wa pango la nyumba: vyote tunaviona vikavu. Uhondo tunaujua uko kwenye hadithi, kwenye mapenzi na visasi. Nimekaa vijiweni na waandishi chipukizi wenzangu nikasikia mtu akisema kwamba kuandika mambo halisi hakuna ufundi wowote, ni kumwaga habari tu mpaka ukurasa ujae. Mimi nakataa. Elimu yangu iliishia Kidato cha Nne, kwa hiyo sikatai kwa usomi. Nakataa kwa sababu ya yale niliyoyaona katika miaka miwili ya kufundisha tuisheni ya jioni.

Darasa letu ni kibaraza cha nyumba moja huku Manzese. Ubao ni kipande cha ukuta kilichopakwa rangi nyeusi, na mabenchi tumeazima kwa seremala jirani. Wanafunzi ni watahiniwa wa kujitegemea, 18 hivi wakifika wote. Yupo anayeuza karanga asubuhi, yupo dereva wa bodaboda, yupo binti anayemsaidia mama yake gengeni. Wananiita ticha, ingawa wawili kati yao wamenizidi umri.

Kasheshe ilianza kwenye ufupisho. Unalijua lile swali: unapewa kifungu cha aya nne au tano, kisha unaambiwa ukifupishe kwa maneno yasiyozidi mia moja. Niliwapa kifungu, wakainamisha vichwa. Nilipokusanya madaftari nikakuta njia mbili tu. Kundi la kwanza walinakili sentensi ya kwanza ya kila aya. Kundi la pili walinakili kifungu tangu mwanzo huku wakihesabu maneno, yalipotimia mia wakaweka nukta, hata kama sentensi imekatikia njiani. Nikauliza, "Kifungu hiki kinafanya nini?" Wakajibu kwa pamoja, "Kinahusu mazingira, ticha." Nikawaambia sikuuliza kinahusu nini, nimeuliza kinafanya nini. Kimya.

Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. Vifungu kumi vinaweza kuhusu mazingira na kila kimoja kikawa na kazi yake. Kimoja kinachora picha ya mahali. Kingine kinasimulia yaliyotokea, hatua kwa hatua. Kingine kinatafuta mchawi, yaani kwa nini jambo limetokea. Asiyeiona kazi ya kifungu hawezi kukifupisha, maana hajui upi ni mfupa wa kubakiza na ipi ni nyama ya kuondoa.

Siwalaumu. Hebu kumbuka notisi tulizonakili ubaoni. Mmomonyoko wa udongo: maana, aina, sababu, athari, njia za kuzuia. Malaria: maana, sababu, dalili, athari, njia za kuzuia. Kila kitu duniani kilipitishwa kwenye chujio moja kikatoka kama orodha yenye namba za Kirumi, na mtihani nao ukadai hoja sita. Basi kijana anamaliza miaka minne akiamini kwamba maandishi yote ya mambo halisi ni gunia la hoja, na kazi yake ni kufungua gunia na kuzihesabu. Tena masomo mengi ya sekondari hapa Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza, wakati wengi wetu tulisoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili. Mtu akishindwa kuelewa sentensi, kimbilio lake ni kukariri. Anazimeza hoja moja baada ya nyingine kama vidonge, na siku ya mtihani akiisahau ya tatu, ya nne nayo inapotea, kwani hakuna uzi uliozifunga pamoja.

Nikawaza nianzie wapi. Nikaona nianze na masikio, maana masikio ya watu wetu yamekwisha kusoma zamani. Chukua tanzia za redioni, zile ambazo wazazi wetu walizisikiliza enzi za Radio Tanzania huku kazi zote zimesimama. Kwanza linakuja jina la anayetangaza na mahali anapoishi. Kisha jina la marehemu, kifo kilipotokea, habari za mazishi. Mwisho kabisa ndipo habari zinaombwa ziwafikie ndugu, na majina yao yanatajwa mmoja mmoja, wa Tabora, wa Tanga, wa Mbeya. Bibi asiyejua hata herufi moja alijua barabara ni wapi akaze sikio. Mama akikueleza kupika pilau hawezi kuanza na mchele akamalizia na kukaanga kitunguu. Kijiweni mtu akitaka kuonyesha kwamba Simba ni bora kuliko Yanga, atapanga kipa kwa kipa, beki kwa beki. Konda akieleza kwa nini nauli imepanda, ataanza na bei ya mafuta. Nikawauliza, "Nani aliwafundisha haya?" Hakuna aliyewafundisha. Tumekua nayo, ila tukiingia darasani tunayaacha mlangoni pamoja na ndala.

Baada ya hapo nikachukua jambo moja ambalo kila mkazi wa Dar es Salaam analijua: mto Msimbazi na mafuriko ya Jangwani. Nikaandika vifungu vitano vifupi, vyote vikihusu mto huo huo.

Kifungu cha kwanza kilieleza tu. Mto unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Kigogo, unatandaa kwenye bonde la Jangwani, unaingia Bahari ya Hindi karibu na daraja la Salenda. Macho ya msomaji yanatelemka pamoja na maji. Cha pili kilifuata wakati. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, maji yakaingia majumbani, watu wakapoteza maisha, na baadhi ya waliosalimika wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kazi, karakana yake ikiwa hapo hapo Jangwani, na mvua za miaka iliyofuata zikayakuta humo. Cha tatu kiliuliza kwa nini. Mji umepanuka, ardhi imefunikwa kwa saruji, maji hayazami tena. Taka zimeziba mifereji, mchanga umejaa mtoni, kina kimepungua. Maji yanakuja mengi kuliko njia yake.

Cha nne kilifananisha. Aliyebaki bondeni yuko karibu na Kariakoo anakochuuza, lakini kila masika analala jicho moja liko wazi. Aliyehamia Mabwepande analala salama, lakini nauli inammaliza. Cha tano kilitaja tatizo na kuonyesha njia ya kutokea. Bonde linafurika, kwa hiyo upo mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022, na ndani yake mna kazi ya kuupanua mto, kujenga daraja jipya la Jangwani na kuwahamisha watu.

Vifungu vitano, mto mmoja. Nikawaambia wavichoree picha. Cha kwanza walikichorea ramani, cha pili ngazi, cha tatu mnyororo, cha nne mizani, cha tano kufuli na ufunguo. Sikuwapa jina lolote la kitaalamu mpaka wiki ya pili. Kwa nini niwape jina la kitu kabla hawajakishika mkononi?

Kumbe wataalamu walikwisha kupita njia hiyo. Huko Marekani, mama mmoja aitwaye Bonnie Meyer alianza katika miaka ya 1970 kuchunguza jinsi maandishi yanavyopangwa na jinsi watu wanavyoyakumbuka. Mwaka 1980 yeye na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa darasa la tisa. Wale waliofuata mpangilio wa mwandishi walikumbuka mengi zaidi kuliko wale wasioufuata. Na miundo anayoitaja ni karibu ile ile mitano tuliyoichora kibarazani. Sikushangaa. Mgeni anayejua sebule iko wapi na jiko liko wapi hapotezi muda kupapasa kuta gizani.

Zoezi lililowakolea zaidi ni la mkasi. Tulichukua magazeti ya zamani, yale ya kufungia maandazi, tukakata habari aya kwa aya, tukazichanganya, kila kundi likapewa za kwake lizipange upya. Waliopewa faida za kufuga kuku walimaliza kwa dakika mbili. Kila mmoja alipanga kwa namna yake na zote zikasomeka sawa. Waliopewa makala ya mafuriko waligombana mpaka jirani akachungulia: "Hiyo haiwezi kutangulia! Maji yameingiaje ndani kabla mvua haijanyesha?" Waliopewa habari ya ajali wakagundua jambo jingine, kwamba gazeti huanza na mwisho. Watu wangapi wameumia, wapi, lini, hayo yako aya ya kwanza. Basi lilitokea wapi na lilikuwa likienda wapi, hayo yako chini. Yule bwana wa bodaboda akasema, "Kumbe gazeti linajua abiria anaweza kushuka kabla ya kituo cha mwisho." Maneno hayo nimeyaandika kwenye daftari langu la riwaya, na siku moja nitayaiba.

Siku ile tulipata kipimo tunachokitumia hadi leo. Ukichanganya aya za kifungu na kisilalamike, hiyo ni orodha. Kikilalamika, kuna fikra ndani yake, na fikra hiyo ina njia.

Hapo tukapanda ngazi. Nilileta Azimio la Arusha, lile lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Wote walikuwa wamelisikia, na wote walilijua kama orodha, yaani vile vitu vinne vya maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Nikasema leo tusome sehemu ya tatu, ya siasa ya kujitegemea, na kila aya tuiulize inafanya nini. Inaanza kwa kutaja vita dhidi ya umaskini na unyonge. Halafu inasema silaha tuliyoichagua, yaani fedha, siyo yetu. Msomaji mwenye haraka anatarajia ufumbuzi hapo hapo. Wapi! Inamzungusha kwanza kwenye milango: kodi, misaada, mikopo, mitaji ya watu wa nje. Kila mlango unafunguliwa, unachunguliwa, unafungwa. Kisha inasema kwamba hata kama fedha hizo zingepatikana, uhuru wetu ungekuwa hatarini. Inageukia viwanda na miji, inauliza ni nani hasa atakayelipa deni, na jibu ni mkulima. Ndipo inafika kwa watu, kilimo, juhudi na maarifa. Vile vitu vinne vinakamilika mwishoni mwa safari yote hiyo.

Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. Akasema yeye haafikiani na pale kwenye mikopo, kwani nchi zote zinakopa, hata tajiri, na swali ni masharti tu. Mwingine akamjibu kwamba masharti ndiyo hayo hayo Azimio linayoyaogopa. Walibishana mpaka giza likaingia. Nilifurahi mno, kwa sababu sijawahi kuona watu wakibishana juu ya orodha ya vitu vinne. Aliyekariri hana pa kushika. Aliyeiona mifupa anajua ni kiungo kipi anachokikataa, na anaweza kukuonyesha kwa kidole.

Lakini mpangilio nao unaweza kuwa usanii mtupu. Tazama vibao vya waganga kwenye nguzo za umeme. Tatizo: mpenzi amekimbia, biashara imedoda, kesi iko mahakamani. Ufumbuzi: namba ya simu. Katikati hakuna kitu. Kufuli lipo, ufunguo upo, meno ya ufunguo hayapo. Walicheka sana. Nikawapa kazi ya nyumbani ya kutafuta maandishi mengine yenye ufunguo usio na meno. Walirudi na tangazo la krimu ya kung'arisha uso, ujumbe wa simu wa bahati nasibu, na kipeperushi cha mgombea mmoja ambacho kilikuwa na "kwa hiyo" tatu bila sababu hata moja mbele yake. Tukajifunza kwamba viunganishi ni vibao vya barabarani tu. Mtu anaweza kusimamisha kibao mahali pasipo na barabara. Na jambo kutokea baada ya jingine hakumaanishi limesababishwa nalo. Jogoo anawika, kisha kunapambazuka, lakini jua halikuletwa na jogoo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Yule binti wa gengeni alikuja jioni moja na karatasi mbili zilizobanwa pini. "Shikamoo ticha. Naomba uangalie hii." Mama yake alitaka kukopa shilingi 300,000 kwa hawa wakopeshaji wa mitaani ambao watu wamewabandika jina la kausha damu, ili ajaze genge. Karatasi ilitakiwa irudi asubuhi ikiwa imesainiwa. Nilipoipokea nikakuta amekwisha kuifanyia kazi. Kila aya aliipa namba kwa penseli, na pembeni akaandika swali ambalo aya hiyo inajibu.

Aya ya kwanza: sisi ni nani? Ya pili: mkopo unapatikanaje? Hapo hatua zilipangwa vizuri, moja, mbili, tatu. Ya tatu: una faida gani? Ya nne: unarejeshwaje? Shilingi 15,000 kila siku kwa siku 30. Ya tano ilikuwa ndefu kuliko zote na kichwa chake kilikuwa "Maelezo ya Jumla". Ilieleza ofisi ilipo, saa za kufungua, umuhimu wa kutunza kadi ya marejesho. Halafu katikati, sentensi moja ilianza na neno "endapo". Endapo mkopaji atachelewa siku tatu, mali zake alizoziorodhesha zitachukuliwa bila taarifa nyingine. Sentensi iliyofuata ilirudi kwenye kadi ya marejesho. Binti alikuwa ameizungushia duara hiyo "endapo", na pembeni ameandika: "Huu ni mnyororo. Unafanya nini kwenye ramani?"

Msomaji wangu, nilikaa kimya kidogo. Sentensi ile haikuwa ya uongo wala haikutumia msamiati mgumu. Ilifichwa kwa mahali ilipowekwa. Ilikaa pale macho yanapoanza kuchoka, katikati ya mambo yasiyo na madhara, ikavaa nguo zao. Tena alikuwa amepiga hesabu ambayo karatasi haikuipiga. Elfu 15 mara 30 ni shilingi 450,000. Laki tatu ilikuwa aya ya pili, elfu 15 ilikuwa aya ya nne, na hakuna aya yoyote iliyowakutanisha hao wawili. Karatasi nzima haikuwa na mizani. Mtu anayesoma kwa kutafuta hoja angepata hoja zake sita safi na kusaini.

Usiku ule binti alimsomea mama yake, akianza na ile yenye duara. Mama hakusaini. Alikopa shilingi 100,000 kwenye kikoba chao, genge likajaa nusu, na mwezi ule walikula kwa kubana sana. Sisemi kwamba kujua mpangilio wa maandishi kunashibisha tumbo. Kitanda chao na jiko lao la gesi, ambavyo vilikuwa viwekwe kwenye ile orodha ya mali, bado viko chumbani kwao.

Sasa waandishi wenzangu chipukizi, mnaona? Aliyeandika karatasi ile ana ufundi. Anajua kuchelewesha, anajua kuficha, anajua msomaji huchoka wapi. Ni ufundi ule ule tunaohangaika kuupata ili muuaji asijulikane kabla ya sura ya mwisho. Tofauti ni kwamba msomaji wa riwaya amekubali kuchezewa na atatushukuru, wakati mama wa genge hakukubali. Tukiendelea kuyadharau maandishi makavu, tunawaachia uwanja wale wanaoyatumia kukausha watu.

Kwa hiyo mwenye mdogo wake anayesoma, au mtoto wa jirani, asimwanzishie na majina ya miundo. Amkatie gazeti kwa mkasi. Amwulize kila aya inajibu swali gani. Amwombe achore picha ya kifungu kabla hajakifupisha. Akifika kwenye vitabu vya Kiingereza, awinde kwanza yale maneno machache yanayofanya kazi ya "kwa sababu", "lakini" na "kisha". Wanafunzi wangu hawajawa mabingwa wa Kiingereza, lakini siku hizi wakikuta ukurasa mgumu wa historia wanauzunguka wakitafuta mlango, badala ya kuubwia mzima mzima. Mtihani uko mbele yao bado. Tutaona.

Mwenye zoezi lingine zuri atuandikie humu humu gazetini, nami nitalipeleka kibarazani. Kazi kwenu.